Anza Chini

Nilikuwa na miaka arobaini na saba
nilipovaa koti jeupe kwa mara ya kwanza,
na mlinzi wa getini akanipigia saluti
akidhani ndiye bingwa mgeni kutoka Dar.
Mwanafunzi tu, nikamwambia.
Akashusha mkono taratibu
kama mtu aliyesalimia mti gizani.

Wenzangu wa zamu walinizidi kila kitu
isipokuwa magoti yanayolia.
Dozi walizikariri kama wanakwaya;
mimi niliandika kiganjani, jasho likafuta,
nikaandika tena.
Ng'walu, kifungua mimba wangu, alipiga simu toka Shinyanga:
Mama, umekula? Mama, umelala?
Nikasikia sauti yangu mwenyewe ikinirudia na riba.

Kabla ya hapo, miaka kumi na tisa
stoo ya kiwanda cha minofu, kule Igogo,
nikihesabu katoni za sangara
waliopanda ndege kabla yangu.
Mapanki yakabaki nasi.

Dakta Lushinge alikuwa na sabini na nne.
Alistaafu mara mbili, wakamwita mara tatu.
Kabla ya kumgusa mgonjwa alificha viganja kwapani
kama kuku anayeatamia, mpaka vipate joto.
"Baridi ya mkono wako si ugonjwa wake.
Usimwongezee."

Siku umeme ulipokatika tulimpokea kijana wa Ukara,
ametapika damu usiku kucha botini,
tumbo juu, miguu kama vijiti.
Vijana wakasimama kuisubiri jenereta na picha.
Mzee akanisukuma kwa kiwiko: "Weka mkono."
Nikaweka chini ya mbavu za kushoto. Sikupata ukingo.
"Hakuna kitu, Dakta."
"Hukipati kwa sababu umesimama juu yake.
Bandama ya kichocho haikai ilipochorwa kitabuni.
Anza chini, kinena cha kulia. Mwambie avute pumzi.
Panda naye.
Mwenye haraka huanzia katikati ya nyumba
kisha akauliza mlango uko wapi."

Nikashuka. Nikapanda.
Na pale, chini ya kitovu,
kitu kigumu kikaja na pumzi
kikanigusa ncha za vidole
kama mtumbwi unavyogusa gati.

"Sasa maji."
Nikagonga, kidole juu ya kidole, toka kitovuni hadi ubavuni,
nikamgeuza, nikasubiri, nikagonga tena.
Sauti nzito ilikuwa imehama.
Mzee akainua kichwa. "Nani alikufundisha hilo?"
"Mapipa."
Mapipa ya mafuta ya samaki, kila Ijumaa, mia na ishirini,
nikiyagonga bila kufungua vifuniko
kujua yamejaa mpaka wapi.
Hakucheka. Aliwaita wale vijana:
"Njooni mjifunze kwa Mama Mapipa."
Jina likanishika mpaka leo.

Kijana wa Ukara aliishi siku kumi na moja.
Naliandika hilo hapa, maana mzee alisema
daftari lisilo na waliokufa
ni daftari la duka.

Mwezi wa tatu, mvua ikipiga mawe ya kilimani,
chai yake imepoa mezani,
alijilaza kwenye kitanda cha kupimia,
akafungua shati.
Sikuuliza. Niliweka viganja kwapani, nikahesabu hadi sitini.
Kinena cha kulia. Pumzi. Panda.
Kile nilichokikuta hakikuwa bandama,
na ukingo wake ulikuwa na vinundu
kama mchele uliomwagika chini ya mkeka.

"Umepata nini?"
"Sijui bado."

Nilijua. Naye alijua kwamba najua.
Akaketi, akafunga vifungo kimoja kimoja,
cha tatu kikakosa tundu lake,
nikamwacha nacho.
"Bado," akasema. "Neno zuri kwa watu wa umri wetu.
Lakini kesho utaniambia lile jingine."
Kisha akaiangalia saa ya ukutani,
akauliza kama nimeshapita wodi ya wanaume,
maana yule wa kitanda cha sita
tangu asubuhi hajaguswa na mtu.